Kibanda cha Kona ya Nane

Jumamosi, 10 Novemba
Theluji ya kwanza imeanguka alfajiri, nyepesi kama unga uliochekechwa, na saa tatu ilikuwa imeshayeyuka. Lakini imetosha kutuamsha. Pale mkahawa wa Shirakaba, ambako sisi wenye magari ya kizamani hukutana kila Jumamosi asubuhi, leo hapakuwa na habari nyingine ila matairi na betri.

Mzee Hatanaka, fundi aliyestaafu ambaye mikono yake haijawahi kutakata tangu nimjue, anasema betri ni kama mke: usiku wa baridi humwachi nje, unamwingiza ndani. Mama Tsurumi akamjibu, "Ndiyo maana mkeo alikuhama, uliingiza betri, yeye akakosa pa kulala." Tukacheka hadi mwenye mkahawa akaja kutazama.

Mama Tsurumi Kinue ana miaka sabini na moja. Gari lake ni la kijani, la mwaka 1966, aliloachiwa na marehemu mumewe, Eisaku. Wajane wengi huuza. Yeye alijifunza kusafisha kabureta.

Iwadate, daktari wa meno, ndiye mdogo wetu, ana miaka arobaini na tano na gari jekundu asilolitoa mvua ikinyesha. Akauliza nani kati yetu amewahi kuendesha gari la kizamani kwenye dhoruba ya theluji. Hatanaka akanielekeza kwa kidole. "Mwulize Mwalimu Kusakabe. Huyo alivuka mlima wa Orobetsu mwezi wa pili, mwaka themanini na nne."

Nikasimulia tena.

Jumapili, 11 Novemba
Nimebadili matairi. Mgongo unauma.

Jumamosi, 17 Novemba
Iwadate amekuja na daftari, anataka kuandika kisa changu katika jarida la chama. Nimemwambia hakina maana. Akadhani ni unyenyekevu.

Kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu, niandike jinsi ninavyokisimulia. Baba yangu alikuwa mahututi Nupkai, ng'ambo ya mlima. Treni zilisimama kwa theluji. Nikachukua gari langu dogo la mwaka 1968, nikaziba rejeta kwa karatasi ngumu, nikafunga minyororo, nikapanda Orobetsu dhoruba ikivuma. Kona ya nane sikuona hata boneti yangu. Hapo ndipo nilipokiona kibanda cha chai upande wa kushoto, kikongwe mmoja akanifungulia, akanipa supu ya maharage mekundu, nikangoja saa mbili hadi upepo ukatulia. Nikafika. Baba akanishika mkono, akafa kesho yake.

Baba alikufa kweli. Mengine sitayaandika leo.

Jumatano, 28 Novemba
Nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri. Nimesahau nikavuta breki ya mkono, imeganda. Hatanaka alikuja na birika la maji moto na matusi yake.

Jumamosi, 8 Desemba
Mazungumzo mazuri leo. Iwadate anasema mifuko miwili ya mchanga kwenye buti la nyuma yatosha. Hatanaka anasema mama mkwe mmoja anatosha, na anapunguza hata kelele za injini kwa kuwa husikii kitu kingine. Mama Tsurumi akasimulia safari yao ya mwaka 1971, yeye na Eisaku, hadi rasi ya kaskazini, hita imekufa, wamejifunga blanketi moja huku mume akikanyaga klachi na mafuta naye akibadilisha gia. "Ndivyo nilivyojua gia," akasema. "Alikuwa akisema 'tatu' nami nasukuma tatu. Tulifika bila kugombana hata mara moja. Ilikuwa siku pekee katika ndoa yetu."

Halafu akasema mwaka huu anataka kwenda na gari lake kwenye mkutano wa Februari wa magari ya kizamani, Nupkai. Sote tukaweka vikombe mezani. Wengi hupakia magari yao kwenye lori, au huzunguka kwa barabara ya chini yenye mahandaki.

"Nitapita Orobetsu," akasema. "Eisaku alitaka tupite pale siku moja, akafa kabla. Kama Mwalimu alipita kwenye dhoruba, mimi nitashindwa kwenye jua?"

Wakanitazama mimi. Nilikuwa na nafasi pale, pana kama uwanja. Nikanywa kahawa.

Jumanne, 1 Januari
Mwaka mpya. Kaka Shunkichi amepiga simu kutoka Nupkai, kama kila mwaka. Aliuliza kama nitakwenda kwenye mkutano wa magari, anitandikie pa kulala. Nikasema mgongo. Miaka yote ni mgongo. Baada ya simu, mke wangu Yasue alisema, "Mgongo wako una kalenda yake." Nikajifanya nakula mochi, andazi la mchele la mwaka mpya.

Jumamosi, 19 Januari
Mama Tsurumi alikuja na ramani. Aliikunjua juu ya vikombe. Akaniomba nimwonyeshe kila kitu: wapi panateleza, wapi asiguse breki, kibanda kiko kona gani hasa.

Nikaweka kidole kwenye ramani. "Hapa. Kona ya nane, kushoto."

"Bado kipo?"

"Sijapita tangu siku ile. Lakini vibanda kama vile haviondoki."

Akachora duara kwa kalamu nyekundu. Akauliza kama ningependa kufuatana naye. Kabla sijajibu, Hatanaka akadakia, "Mgongo!" na wote wakacheka, nami nikacheka nao.

Jumatatu, 4 Februari
Nimenyanyua simu mara mbili kumpigia. Hali ya hewa wanasema ni nzuri hadi Ijumaa jioni. Nikajiambia: kukiwa na jua hatahitaji kibanda.

Ijumaa, 8 Februari
Ameondoka saa moja asubuhi. Alipita mbele ya nyumba yangu makusudi, akapiga honi. Nilitoka na sandali. Alikuwa amevaa koti la Eisaku, mikono imekunjwa mara mbili. "Nitakusalimia kikongwe wako," akasema, akacheka, akaondoka taratibu bila kutelezesha hata tairi moja. Anaendesha vizuri kunishinda.

Saa tano mbingu upande wa magharibi zilikuwa nyeupe. Saa sita sikuuona mlima.

Jumamosi, 9 Februari
Yuko hai. Naandika hivyo kwanza.

Niandike sasa yote kama nilivyosikia kwa Hatanaka, aliyesikia kwa dereva wa greda la theluji.

Upepo ulimkuta kona ya tano. Kona ya sita alikutana na gari la mizigo likigeuza. Dereva akashusha kioo akamwambia, "Mama, geuza, nifuate, tushuke pamoja." Naye akamjibu, "Ahsante, mwanangu, lakini kona ya nane kuna kibanda. Nitangojea pale." Yule akasema hajawahi kuona kibanda. Mama akasema, "Nina rafiki aliyejihifadhi na dhoruba pale. Anapajua."

Akahesabu hadi nane. Akasimama. Akashuka kukitafuta kwa miguu, upande wa kushoto. Theluji ilimmeza hadi kiunoni. Buti la mguu wa kushoto likabaki chini. Alitambaa kurudi garini kwa kufuata sauti ya injini. Bomba la moshi lilikuwa linafukiwa, akajua moshi utamwua, akazima injini. Alikaa humo kwa muda wa saa tano, mguu umefungwa kwa skafu. Dereva wa greda aliona kipande cha rangi ya kijani. Akambeba mgongoni.

Yuko hospitali, mjini Obihiro. Hawajajua kuhusu vidole vya mguu.

Asubuhi pale Shirakaba watu walikuwa wamejaa. Hatanaka alikuwa anapiga meza. "Kwa umri ule! Peke yake! Mwalimu alimwonyesha mahali, kidole juu ya ramani, naye anakosea kuhesabu kona!" Iwadate akasema pengine hofu ilimchanganya. Kisha wakanigeukia, kwa kuwa mimi ndiye mjuzi.

Nikasema, "Labda alihesabu vibaya."

Maneno matatu. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na nne, na hayo ndiyo niliyosema juu ya mwanamke aliyehesabu sawasawa.

Jumapili, 10 Februari
Sikutoka.

Jumatatu, 11 Februari
Theluji. Nimeifagia njia yetu, kisha ya jirani, kisha ya jirani wa pili. Yasue alinitazama dirishani.

Jumatano, 13 Februari
Wamemkata vidole viwili, mguu wa kushoto. Mguu wa klachi.

Nilikwenda na machungwa. Alikuwa amekaa kitandani, uso umebabuka kwa baridi, nywele zimechanwa vizuri. Kabla sijakaa, aliinamisha kichwa hadi blanketi.

"Mwalimu, nisamehe. Nimekuaibisha. Ulinielekeza vizuri, mimi nikaharibu. Nadhani kona moja niliihesabu mara mbili."

Nilitakiwa kusema pale. Mdomo niliufungua kabisa. Muuguzi akaingia na kipimajoto, nikamshukuru Mungu kwa ajili ya kipimajoto. Alipotoka tukazungumza habari za machungwa.

Ijumaa, 15 Februari
Leo Hatanaka alipiga simu nyumbani nikiwa dukani. Yasue akapokea. Niliporudi alikuwa amekaa mbele ya jiko la mafuta ya taa, mikono magotini.

"Hatanaka anasema nikupe pole," akasema. "Anasema usijilaumu. Anasema si kila mtu ni shujaa kama wewe uliyevuka Orobetsu ukamwahi baba yako."

Nikasimama na mfuko wa vitunguu.

"Ulivuka lini?" akauliza. "Mimi nilikuwa kwenye mazishi, Fumio. Ulifika kwa treni, siku ya pili baada ya kifo, kaka yako akakupokea stesheni. Uliniambia barabara ilifungwa."

Nikakaa chini. Nikamwambia lile ambalo sijamwambia mtu. Barabara haikufungwa. Nilipanda hadi kona ya tatu. Upepo ulitikisa gari, upande wangu wa kulia palikuwa na bonde, nikaogopa. Hakuna kilichoharibika. Minyororo ilikuwa mizima, mafuta yalikuwa tele. Niliogopa tu. Niligeuza, nikashuka, nikapanga chumba katika nyumba ya wageni chini ya mlima, nikanywa pombe siku mbili nikisema nangoja upepo utulie. Simu ya kifo ilinikuta nimelala. Supu ya maharage niliinywa pale, kwa mwenye nyumba ya wageni. Kikongwe ni huyo. Nilimhamishia juu mlimani miaka tisa baadaye, siku ya kwanza nilipoulizwa na wenye magari, kwa sababu wote walikuwa na visa vya kusimulia nami sikuwa nacho.

Yasue hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu. "Na huyu mama anadhani kosa ni lake?"

"Ndiyo."

"Na wewe unamwachia abebe?"

Akaenda kulala chumba cha mbele.

Jumamosi, 16 Februari
Sikwenda Shirakaba. Nilikwenda hospitali.

Sikukaa kwenye kiti. Nilipiga magoti sakafuni, paji la uso chini, kwa kuwa nisingeweza kusema nikimtazama. Nikasema yote. Kona ya tatu, nyumba ya wageni, pombe, kibanda ambacho hakijawahi kuwepo. Nikasema pia nilivyosema mezani, kwamba labda alihesabu vibaya.

Nilisikia kigari cha chakula kikipita ukumbini, kikarudi.

"Inuka," akasema. "Sioni uso wako."

Nikainuka.

"Kona ya nane kuna nini, Mwalimu?"

"Sijui. Sijafika."

"Mimi nimefika. Kuna nguzo yenye mshale mwekundu, na miti. Basi. Nilikiita kibanda chako kwa sauti. Nilisema 'hodi' kwenye miti." Akafuta pua kwa mkono wa gauni. "Unajua nilikuwa nawaza nini saa zile tano? Sikuwaza kufa. Niliwaza, mimi mjinga, Eisaku angehesabu sawa."

Akanikazia macho.

"Nilihesabu sawa?"

"Ulihesabu sawa."

"Sema tena."

Nikasema tena. Hapo ndipo alipolia, kwa hasira, akipiga blanketi kwa ngumi ndogo. Kisha akaniambia niondoke, na nichukue machungwa yangu. "Na usidhani umemaliza. Kunung'unika kwenye sikio la mgonjwa ni kazi rahisi. Wale wa mezani wananicheka kila Jumamosi. Kawaambie wao."

Jumanne, 19 Februari
Nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Gari halikuwaka. Sikujaribu mara ya pili.

Jumamosi, 23 Februari
Nimewaambia.

Nilisimama. Mwenye mkahawa alidhani nataka kuagiza. Nilianza na jambo lake kwanza: kwamba Mama Tsurumi hakukosea kona hata moja, na kwamba mtu aliyemwambia ageuze alikuwa mkweli, na aliyemwambia kuna kibanda alikuwa mwongo, na mwongo ni mimi.

Iwadate alitoa lile jarida la chama mkobani, lenye kisa changu kurasa mbili, akaligeuza kifudifudi mezani. Nadhani hakujua mikono yake inafanya nini.

Mzee Hatanaka alitaka kucheka kwanza. Akaniangalia, akaona si mzaha. Uso wake ulibadilika pole pole.

"Njia ya mwongo ni fupi," akasema, "lakini wewe yako imefika miaka ishirini. Hongera." Kisha sauti ikapanda. "Nilimtukana! Nilikaa hapa nikamtukana mama wa watu, nawe umekaa hapo unakoroga sukari! Ungesema uliogopa, ningekucheka wiki moja. Mimi mwenyewe nimegeuza Orobetsu mara tatu! Nani hajageuza?"

Hilo lilinichoma kuliko matusi. Mara tatu, na hakuna aliyemdharau.

Alichukua kofia yake akatoka, moja kwa moja kwenda hospitali bila maua wala nini. Iwadate akasema kwa upole ingekuwa vizuri nisije kwa muda. Nikasema naelewa. Nililipia kahawa ya wote, hakuna aliyeigusa.

Jumatano, 6 Machi
Theluji yenye maji, nzito. Yasue amerudi chumba chetu. Hatujazungumza juu yake.

Alhamisi, 14 Machi
Hatanaka na dereva wa greda wamelishusha gari la kijani kutoka mlimani. Nilisikia kwa Yasue, aliyesikia sokoni. Sikuitwa kusaidia.

Jumapili, 24 Machi
Nimekwenda Nupkai kwa kaka Shunkichi. Sikupita Orobetsu, nilipita barabara ya chini, kwa gari la Yasue. Yeye alisema, "Umewaambia wageni wote, umebakiza wa kwenu."

Kaka ana miaka sabini na tatu sasa. Anakaa nyumba ile ile. Tulifukiza udi mbele ya picha ya baba, akaleta chai na kachumbari ya kabichi aliyotia chumvi mwenyewe. Nikamwambia yote, kibanda na vidole vya Mama Tsurumi, na kwamba barabara haikufungwa siku ile.

Aliendelea kutafuna. Akameza.

"Najua," akasema.

"Unajua nini, kaka?"

"Lori la maziwa lilitoka upande wenu siku ile saa nane. Dereva aliingia kwangu kuomba maji ya rejeta. Nikamwuliza njia, akasema mbaya, lakini yapitika. Nikarudi ndani nikamwambia baba: Fumio yuko njiani. Nikawasha taa ya nje mchana kweupe, kwa ajili ya ile theluji. Akawa ananiuliza kila baada ya muda, taa inawaka? Nasema inawaka."

Nilidhani nimeshafika chini kabisa ya aibu yangu majira haya. Kumbe kulikuwa na ngazi nyingine.

"Mbona hukuniambia? Miaka ishirini na tisa?"

"Ulipofika ulimshika baba miguu ukalia mpaka mama akaogopa. Nikasema, huyu ameshajipiga, mimi nimpige tena ya nini? Nikadhani ni huruma." Alisukuma sahani ya kachumbari kando. "Sikujua kwamba ulikwenda ukaijengea hofu yako kibanda. Ningekuuliza siku ile pale stesheni, ukasema ukweli ukatukanwa ukamaliza, yule mama angekuwa na vidole vyake."

"Hilo si lako, kaka."

"Kidogo ni langu. Mkubwa ni mimi." Akasimama, magoti yakilia, akatafuta koti. "Anakaa wapi huyo mama? Kesho twende."

Jumatatu, 25 Machi
Mama Tsurumi ametoka hospitali tangu wiki ya pili ya mwezi. Nyumba yake ni ile ya paa la bluu nyuma ya kiwanda cha sukari. Gari la kijani lilikuwa uani, boneti wazi, na miguu ya Mzee Hatanaka ilionekana chini yake. Alituona. Hakutusalimia, wala hakutufukuza. Aliomba spana namba kumi na mbili, bila kumtaja mtu. Kaka, aliyekuwa karibu na sanduku, akampa.

Mama alifungua mlango akiegemea fimbo. Kaka akajitambulisha: Kusakabe Shunkichi wa Nupkai, kaka mkubwa wa huyu. Akaeleza juu ya lori la maziwa, na kwamba alijua akanyamaza. Kisha tukainama wote wawili pale kizingitini, wazee wawili bega kwa bega, vichwa chini. Theluji ya paa ilikuwa inadondoka mgongoni mwangu, ikiingia ndani ya kola. Sikusogea.

Nilihesabu pumzi zangu, nikapoteza hesabu.

"Mlango uko wazi," akasema hatimaye, "na mafuta ya jiko langu yanapasha moto barabara nzima. Ingieni."

Tukaingia. Alimkaribisha kaka kwenye mto wa kukalia wa mgeni. Mimi akanionyesha pembeni, karibu na kabati, na akampa kaka chai kwanza. Kisha alimwuliza habari za baba yetu: alikuwa mtu wa namna gani, alipenda nini, alikufa akisema nini. Kaka akamwambia yote, hata habari ya taa. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunitazama.

Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza. Tulipokuwa tunavaa viatu ndipo alipozungumza nami, akiangalia uani kule Hatanaka alikokuwa.

"Klachi siwezi kuikanyaga tena. Daktari anasema labda mwaka kesho, labda kamwe. Hatanaka macho yake hayaoni mbali. Jumamosi nataka kwenda Shirakaba na gari langu, si kwa teksi." Akanipa ufunguo, akiushika ncha moja kama kitu kichafu. "Utakanyaga wewe. Gia nitasukuma mimi. Na njia nzima sitaki kusikia kisa chochote."